Barua pepe ileile kuingia mara mbili kwenye hifadhidata

Ndugu, umesema kila skripti yako ikisoma upya kisanduku cha barua, ujumbe uleule unaingia tena. Usilinganishe mada na tarehe. Watu wawili wanaweza kutuma "Re: Ankara" sekunde ileile. Chukua Message-ID, yaani kitambulisho cha ujumbe kilicho kwenye vichwa vyake, ipe safu wima yake kwenye jedwali, kisha ifunge safu hiyo kwa UNIQUE, sharti linalokataza thamani kujirudia. Kama hifadhidata yako ni PostgreSQL, malizia INSERT yako (amri ya kuingiza) kwa ON CONFLICT DO NOTHING, yaani "ikigongana na iliyopo, usifanye kitu". Kuuliza kwanza kwa SELECT (amri ya kusoma) kama ujumbe upo hakutoshi: skripti mbili zikienda sambamba, zote zinaweza kujibiwa "haupo", na zote zikaingiza. Barua nyingine, hasa barua taka, huja bila Message-ID. Hapo tumia heshi (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data) ya mtumaji, tarehe na mwili wa barua. Ila nakala zilizokwisha kurundikana zifute kwanza, la sivyo UNIQUE itagoma kuwekwa.