Diplomasia yetu imo ndani ya jedwali la ushuru

Swali la wiki iliyopita lilikuwa hili: kijana anayesoma uhusiano wa kimataifa na biashara chuo kikuu anaandaliwa kwa kazi gani hasa? Naamini wengi waliolisoma walifikiria ubalozi. Mimi nina shahada hiyo, na kwa miaka sasa ni wakala wa forodha hapa Arusha. Mizigo mingi inayopita mezani kwangu hupitia Namanga, mpakani na Kenya. Jibu langu ni kwamba anaandaliwa kwa kazi ambayo nchi zetu zinaihitaji mno, ilimradi ile sehemu ya biashara ifundishwe kwa uzito uleule wa sehemu ya uhusiano wa kimataifa. Kwa wanafunzi wengi ninaokutana nao, haikufundishwa hivyo.

Kila mwaka ofisini tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Wana akili nzuri na wanapenda wanachosoma. Mwulize mmoja wao habari za mkataba wa Westphalia wa 1648, au kwa nini Baraza la Usalama hukwama, atakueleza mpaka uridhike. Mpe ankara ya shehena ya korosho umwambie atafute msimbo wake wa forodha, atakuangalia tu. Hakuna aliyewahi kumwonyesha, wala kumwambia kwamba jambo hilo linamhusu.

Nalo linamhusu sana. Karibu dunia nzima hutumia mfumo mmoja wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Kila bidhaa ina tarakimu sita za msingi. Korosho yenye ganda ni 0801.31, iliyobanguliwa ni 0801.32. Tofauti ni tarakimu moja, lakini humo mna ajira za wabanguaji wa Mtwara na Lindi, mna viwanda vya India na Vietnam vinavyoisubiri korosho ghafi, na mna ushuru ambao Tanzania imekuwa ikitoza korosho ghafi inayosafirishwa nje: asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Mhadhiri anayetaka kueleza maslahi ya taifa anaweza kuanzia hapo, na darasa zima likaelewa kwamba serikali hujadiliana na nchi nyingine hata kwa kubadili mstari mmoja wa jedwali.

Ila kama ningepewa muhula mmoja wa kufundisha, ningeutumia wote kwa mkataba wa ubia wa uchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yake yalikamilika Oktoba 2014. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini. Tanzania ilikuwa imekwisha kusema haisaini, na Novemba mwaka huohuo Bunge likaunga mkono msimamo huo. Nakumbuka mabishano yake: huku watu wanasema ukoloni mamboleo, huku wanasema Tanzania inawavuta wenzake nyuma. Maneno yalikuwa makali, na wengi waliokuwa wakiyasema hawakuwa wamefungua jedwali lolote.

Ukilifungua, mgawanyiko ule unaeleweka. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi. Kundi hilo, tangu mwaka 2001, linaingiza bidhaa zake Ulaya bila ushuru wala kikomo, silaha pekee zikiwa zimetengwa. Kenya haimo. Bila mkataba, maua ya Naivasha yangetozwa ushuru, na kwa kweli yalitozwa: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014 mpaka mwishoni mwa Desemba, kwa sababu muda wa mpito, ambao Ulaya iliendelea kuyapokea bila ushuru, ulikwisha kabla mazungumzo hayajakamilika. Kwa mkulima wa maua miezi hiyo ni mirefu. Ua halihifadhiwi ghalani.

Sasa geukia upande wa Tanzania. Mkataba ulitaka Jumuiya ifungue soko lake hatua kwa hatua kwa asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya, kwa muda wa miaka 25. Kwa Kenya hiyo ilikuwa bei ya kulinda soko ililokwisha kulijenga. Kwa Tanzania ilikuwa bei ya kitu ambacho tayari inacho bure. Hapo huhitaji kumtuhumu mtu usaliti. Kila nchi ilihesabu, na hesabu zikatoka tofauti. Rwanda nayo ilisaini ingawa inanufaika na mlango uleule wa Tanzania, na hilo ni swali zuri la mtihani, maana hapo hesabu za ushuru peke yake hazitoshi, inabidi kurudi kwenye siasa.

Kisha mwanafunzi afuate njia ya kutokea. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliruhusu mwanachama aliye tayari atangulie. Kenya ikasaini peke yake na Umoja wa Ulaya jijini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Swali linalobaki ni zito: Jumuiya yenye ushuru wa pamoja wa forodha tangu 2005 inafanyaje pale mwanachama mmoja anapoingiza bidhaa za Ulaya kwa ushuru wake tofauti, halafu bidhaa hizo zikataka kuvuka Namanga? Jibu limo katika kanuni za asili ya bidhaa, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe imetoka nchi gani, zile kurasa ambazo kila mtu huziruka.

Kuna somo jingine la karibu zaidi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Baada ya siku chache mahindi yaliruhusiwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, pawe na cheti cha asili, na cheti cha kipimo kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mwezi Mei Rais Samia akaenda Nairobi, na vikwazo visivyo vya kiforodha vikawa ajenda kubwa. Ziara ile ilisaidia, sibishi. Lakini lori lenye cheti cha maabara lilivuka, na lisilo nacho likabaki. Kijana wa uhusiano wa kimataifa anapaswa kujua mambo yote mawili: jinsi ziara ya rais inavyoandaliwa, na kwa nini Shirika la Biashara Duniani linataka zuio la afya liwe na ushahidi wa kisayansi.

Wapo watakaosema nchi zetu hazina sauti kwenye meza hizo, hivyo kujifunza kanuni zake ni kupoteza muda. Siyakubali maneno hayo. Mwaka 1999 Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani liliongozwa na Mtanzania, Balozi Ali Mchumo. Desemba 2015 mkutano wa mawaziri wa shirika hilo ulifanyika Nairobi, Amina Mohamed wa Kenya akiwa mwenyekiti, na ndipo nchi zilipokubaliana kufuta ruzuku za kusafirisha mazao ya kilimo nje. Viti tunavipata. Upungufu wetu mkubwa naona ni wa wale wanaokaa nyuma ya balozi na makabrasha, wanaoweza kumnong'oneza kwamba kifungu fulani kitaua kiwanda fulani.

Na wala serikali haijaficha inachotaka. Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, enzi ambazo kazi kubwa ya diplomasia yetu ilikuwa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Sera ya mambo ya nje ya 2001 ikaweka mbele diplomasia ya uchumi. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 20. Mitaala iliyobaki kuwa historia na nadharia inamdai kijana ada kamili na kumpa maarifa nusu, na hilo linaniuma.

Kwa mzazi au kijana anayechagua chuo sasa hivi: jina la shahada lisikutoshe. Omba orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu. Tafuta humo sheria ya biashara ya kimataifa, uchumi wa biashara, takwimu na taratibu za forodha. Pasipo hata mojawapo, uliza chuo kingine. Ongeza Kifaransa, kwa kuwa Burundi imo na Kongo iliingia kwenye Jumuiya mwaka 2022, na nyaraka za Lubumbashi hazisubiri mkalimani. Anayetaka kwenda mbali zaidi, hapa Arusha ipo TRAPCA, inayofundisha sera ya biashara tangu 2006. Na likizo ndefu ya mwaka wa kwanza, nenda uombe nafasi kwa wakala yeyote wa forodha, iwe Namanga, Holili, Tunduma, Rusumo au bandarini Dar es Salaam, hata kama watakuanzisha kwa kupanga mafaili. Soma kila karatasi kabla ya kuipanga.