Aliyeleta Filamu Aongee Mwisho

Kama mna kikundi cha kutazama filamu na kubishana, au mnafikiria kukianzisha, ninawapa sheria moja kabla ya zote: aliyeleta filamu aongee mwisho. Akae, anywe chai yake, awasikilize wengine wakiichambua filamu anayoipenda, na asitie neno mpaka kila mtu awe amesema lake. Inauma, najua. Hata mimi bado huuma ulimi.

Sisi hukutana South B Jumapili alasiri, kwa yeyote mwenye runinga kubwa na majirani wavumilivu. Tuna mzee mmoja aliyekulia Ngara enzi za Shan Cinema, jengo ambalo leo ni Sarakasi Dome. Tuna dada anayehariri video za harusi, kijana wa chuo kikuu, na muuguzi ambaye huja moja kwa moja kutoka zamuni. Kabla ya sheria hii, mwenye filamu alikuwa akisimamisha picha kila mara: "Ngojeni muone hapa! Hapa ndipo penyewe!" Ukiambiwa hivyo huitazami tena filamu. Unamtazama yeye, unatafuta mahali pa kucheka ili asivunjike moyo.

Na kuna jambo la adabu. Mzee akishaisifu filamu kwa robo saa nzima, ni kijana gani atakayemwambia usoni kwamba imemchosha? Ataguna tu, aseme "ni poa, Mzee", kisha matusi yote atayatoa kwenye steji ya matatu akiwa na wenzake. Lakini mzee akiwa bado hajafungua mdomo, kijana anaikosoa filamu, hamkosoi mzee. Nimeona tofauti hiyo kwa macho yangu, na ndiyo iliyotuokoa.

Chukua Sholay, ya mwaka 1975. Mzee aliileta, kanda ya zaidi ya saa tatu. (Filamu za Kihindi za aina hiyo zilitengenezwa zikiwa na mapumziko katikati, kwa hiyo yaheshimuni. Simamisheni, mpashe samosa, watu wanyooshe miguu. Ukiitazama bila kupumua unailaumu bure kwa urefu.) Hadithi yenyewe: Thakur, afisa wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, anawakodi wahalifu wawili wamkamatie adui yake. Mwishoni Thakur anamkanyagakanyaga Gabbar kwa miguu, na kabla hajamwua, polisi wanafika na kumzuia.

Kijana wetu akasema mwisho ule ni wa uoga. Filamu nzima inatuandaa kwa kisasi, kisha inakuja hotuba ya sheria. Mzee amefunga mdomo, jasho linamtoka. Dada mhariri akamwunga mkono kijana kwa sababu za kazi yake: alihisi kwamba pale pamekatwa na kuungwa, mdundo haukuwa ule wa mwanzo. Zamu ya mzee ilipofika ndipo akatueleza kwamba mwongozaji, Ramesh Sippy, alikuwa amepiga mwisho mwingine ambamo Thakur anamwua Gabbar, na wakaguzi wa filamu wa India wakakataa. India ilikuwa chini ya hali ya hatari mwaka huo, na serikali haikutaka afisa wa polisi, hata mstaafu, aonekane akijichukulia sheria mkononi. Mwisho ule wa kwanza upo, na tuliutafuta tukautazama papo hapo. Sasa fikiria kama mzee angeyasema hayo mwanzoni. Kijana asingekuwa na la kugundua, na dada asingejua kwamba jicho lake lilikuwa sahihi.

Ushauri wangu wa pili unafuata hapo: mtu akisema filamu ni mbaya au ni kali, mwulize ni onyesho gani. Usimwulize kwa nini, maana hapo atakuhutubia. Mwulize wapi. Mnarudisha nyuma mnaangalia tena.

Tulipotazama Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, ubishi ulianza vibaya. Mwas, kijana aliyetoka kijijini kuja Nairobi kutafuta uigizaji akaishia kwenye wizi, ni mwizi au ameonewa? Jiji ndilo lililomharibu au tamaa yake? Maswali ya namna hiyo hayana mwisho, na kila mtu anajibu kwa maisha yake mwenyewe. Muuguzi akatuokoa. Alisema yeye filamu ilimshika pale selo, Mwas anapolazimishwa kusafisha choo. Tukarudi pale. Wengine walikuwa wamecheka, yeye hakucheka, na akatueleza kilichomzuia kucheka: Mwas haigizi unyonge, anaigiza uigizaji. Kijana ambaye kijijini aliuza filamu kwa kuzicheza mbele ya wateja anageuza hata choo kuwa jukwaa, na ndivyo anavyopata heshima ya wafungwa. Kutoka hapo tukaweza kuuelewa mwisho, anaposimama jukwaani kweli. Swali la wizi lilijijibu bila mtu kuliuliza tena.

Kuna ubishi mmoja ambao Nairobi hauepukiki: filamu ni ya nani? Nairobi Half Life ilitengenezwa chini ya One Fine Day Films, mradi wa Mjerumani Tom Tykwer, na pia ni filamu ya kwanza ambayo Kenya ilituma kugombea Oscar ya lugha ya kigeni. Ni yetu au si yetu? Kwa upande mwingine kuna Out of Africa ya 1985, hadithi ya mwanamke Mzungu mwenye shamba la kahawa Kenya, iliyopigwa hapahapa nchini ikashinda Oscar saba. Mzee anaipenda kwa ile milima. Kijana anauliza waliolilima shamba lile walikuwa wakifikiria nini. Mimi nasema: bishaneni, lakini kwanza tazameni majina yanayopita mwishoni hadi la mwisho. Pale ndipo utakapoona nani alilipa, nani aliandika, nani alishika kamera, na ni Wakenya wangapi walipewa kazi zaidi ya udereva. Mtu anayezima runinga muziki wa mwisho unapoanza hana haki ya kuzungumzia umiliki.

Na DJ Afro, yule msimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili, je? Wengi wetu tulizijua filamu za Marekani na Hong Kong kwa sauti yake, vibandani, yeye akiwapa wahusika majina ya mtaani na kuingiza vituko ambavyo mwandishi hakuwahi kuviota. Msomi mmoja aliyetutembelea alisema huko si kutazama filamu. Sikubaliani naye hata kidogo. Ni filamu ya pili iliyopandishwa juu ya ile ya kwanza, na mara nyingine ya pili ndiyo tamu. Jaribuni hivi: chagueni dakika kumi za mapigano, zitazameni bila maelezo, kisha zilezile na sauti ya DJ Afro. Utaona ni mara ngapi anafunika pengo la hadithi, na mara ngapi anaharibu ukimya uliokuwa umewekwa makusudi. Hakuna zoezi lililonifundisha sauti katika sinema kushinda hilo.

Sheria nyingine haina mjadala kwetu: hujaitazama, huizungumzii. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, na wakati huohuo ilipigwa marufuku nyumbani. Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku kwa siku saba tu mwezi Septemba, watu wakafurika kumbi za sinema. Kabla ya siku hizo, jiji zima lilikuwa na maoni. Waliokuwa na sauti kubwa zaidi, waliotetea na waliolaani, hawakuwa wameona hata dakika moja. Sisemi uikubali au uikatae. Nasema kaa uitazame kwanza, ndipo uje tubishane.

Kuhusu kuchagua filamu, achaneni na orodha za dunia, angalau mwanzoni. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwauliza wahakiki kila miaka kumi, tangu 1952, filamu bora ni ipi. Citizen Kane iliongoza kuanzia 1962 hadi 2002, Vertigo ikaipindua 2012, na 2022 ikaja Jeanne Dielman ya Chantal Akerman: zaidi ya saa tatu za mjane wa Brussels akimenya viazi, akitandika kitanda, akioga. Mimi naipenda. Lakini ukiwaletea watu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, hawatarudi. Anza na fupi. Kati Kati ya Mbithi Masya na Supa Modo ya Likarion Wainaina hazifiki dakika 90, na zote zinaacha watu wakiwa na la kusema. Ya kwanza ina wafu wanaoishi kwenye hoteli katikati ya nyika. Ya pili ina msichana mgonjwa na kijiji kizima kinachokubali kumdanganya kwa upendo. Swali kama kijiji kilifanya vizuri lilitutoa machozi na kutugawanya pasu kwa pasu.

Ukijua mwisho wa filamu na wenzako hawajui, usimwage mtama. Kama una watoto sebuleni, angalia alama ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu: GE, PG, 16 au 18. Mkianza kutoza watu kiingilio, mmeshatoka kwenye urafiki mkaingia kwenye biashara. Hapo mnahitaji idhini ya mwenye filamu na leseni, kwa hiyo sisi huchanga tu pesa za chai na mandazi. Jaribu maandishi ya tafsiri kabla watu hawajafika, maana hakuna kinachoua Jumapili kama maneno yanayotangulia midomo. Halafu hesabuni muda kurudi nyuma kutoka matatu ya mwisho ya anayeishi mbali zaidi. Wetu ni wa Kitengela, kwa hiyo filamu huanza saa nane kamili, na ubishi lazima upate saa nzima. Muda ukiwa mdogo, punguzeni filamu, msipunguze ubishi.

Halafu kuna yule asiyependa chochote. Kila kikundi kina mmoja. Msimfukuze. Mpeni zamu ya kuleta filamu mapema kuliko foleni inavyosema. Wetu alileta katuni ya watoto, akaketi kwenye kona ya sofa na kusikiliza tulivyoichana vipandevipande. Ilipofika zamu yake alizungumza dakika ishirini bila kupumua, na tangu siku hiyo ndiye anayekuja na waya wa HDMI.