Kamera ya kwanza ya fulufremu (yenye kinasa picha kikubwa, sawa na filamu ya 35mm) kwa mandhari: lenzi ya 14-30mm au 24-70mm?
Kama tayari umeamua Nikon Z5, basi lenzi ya kwanza iwe 24-70 f/4 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), hiyo 14-30 isubiri. Wengi hukimbilia lenzi pana kabisa kama hiyo, inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, halafu milima inatoka midogo kama vichuguu na mbele pamejaa nyasi tupu. Usihangaike na f/2.8 pia, mandhari mara nyingi hupigwa f/8 hadi f/11, na ukibana tundu mpaka f/22 picha inaanza kupoteza ukali. Megapikseli 24 zinatosha hata kwa picha kubwa ya ukutani. Bodi (kamera bila lenzi) iliyotumika haina ubaya, ila kagua sensa, yaani hicho kinasa picha. Chenji itakayobaki nunua tripodi, na si zile nyepesi zinazotikisika upepo ukivuma kidogo tu.