Muziki ulivyoniulia beringi

Banda langu la kazi liko nyuma ya nyumba: mabati juu, mabati pande tatu, na upande wa nne ni ukuta wa jikoni. Humo nina grinda ya mezani ya inchi 8, grinda ya mkono, drili, na msumeno wa meza niliojiundia kwa mota ya zamani. Sili kwa ufundi. Mchana niko ofisini, jioni na Jumamosi ndipo najifungia humo. Na siwezi kufanya kazi kimyakimya. Nataka taarabu, nataka mpira, nataka hata kipindi cha redio ambacho simsikilizi anayeongea.

Redio ilinishinda mapema. Ukiwasha grinda ya mkono inakwaruza mpaka unakereka, kwa sababu kaboni za mota yake zinatoa cheche, na cheche hizo zinarusha kelele kwenye mawimbi. Nikahamia hedifoni za waya. Nilidumu nazo wiki moja. Siku waya uliponasa kwenye kichwa cha drili na kunipokonya hedifoni masikioni, niliziweka kabatini na hazijatoka tena. Karibu na kitu kinachozunguka usivae waya, kanzu wala tai.

Basi nikanunua za Bluetooth, nazo zikaanza kukatika. Sekunde mbili za wimbo, sekunde moja ya ukimya. Nikazilaumu mashine tena, mpaka jioni moja umeme ulipokatika na muziki ukaendelea kukatika vilevile. Mashine hazikuwa na kosa. Simu ilikuwa jikoni kwenye chaji, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta na bati. Mawimbi ya Bluetooth ni ya gigahezi 2.4, na bati huyarudisha yalikotoka. Nilipoiweka mfuko wa nyuma wa suruali hali ikawa nafuu kidogo tu, maana mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanayameza mawimbi hayo. Nikiinama, nyama yangu yote inakaa kati ya simu na sikio. Uani, pasipo ukuta wa kuyadundisha, ndipo ilikuwa mbaya zaidi.

Dawa yake haikunigharimu hata senti. Nilipiga rafu ya ubao ndani ya banda, urefu wa kifua, mahali ambapo simu inaniona popote nilipo. Waifai ya nyumbani nayo ilikuwa inatumia 2.4 hiyohiyo, nikaihamishia gigahezi 5 kwenye mipangilio ya ruta. Tangu hapo sijakatikiwa. Kuchelewa kidogo kwa sauti kumebaki: ukitazama video ya fundi anapigilia, nyundo inatangulia na mlio unafuata. Hilo nimelizoea.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike.

Sauti ilipokaa sawa, nikawa naipandisha ili ishindane na grinda. Ujinga mtupu. Grinda ya mkono ikikata chuma hufika desibeli 100 hivi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inashauri mtu asizidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Piga hesabu: kwenye 100 unabakiwa na dakika 15. Mimi nilikuwa namwaga kelele juu ya kelele. Siku hizi navaa hedifoni ndogo za kuingiza sikioni, na juu yake viziba masikio vikubwa. Kelele ya nje ikizuiwa, muziki wa chini unatosha kabisa.

Lakini nilikuwa nimejiziba na kitu kingine. Wiki mbili baadaye mama watoto akasimama mlangoni, akanigusa bega. "Baba Zuhura, hiyo mashine yako inalia tangu juzi. Huisikii?"

Nilivua, nikaiwasha. Grinda ya mezani ilikuwa inapiga kelele kama mlango mkavu, na upande wa kulia gamba lake lilikuwa la moto, huwezi kuacha mkono. Nikafanya wanachofanya wengi: nikachukua kopo la dawa ya kulegezea kutu, nikapulizia puu puu. Ikanyamaza. Nikajiona fundi. Siku ya tatu ikalia mara mbili ya mwanzo. Dawa ile ni nyepesi. Inapenya, inayeyusha grisi iliyobaki na kuondoka nayo. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi, yanaganda yakawa gundi.

Nikafungua. Beringi, ile pete yenye gololi inayobeba shafti ya mota, iliandikwa 6203. Jifunze kusoma namba hizo, zitakuokoa dukani: kwenye namba ya tarakimu nne kama hii, mbili za mwisho zinataja upana wa tundu la kati, inamopita shafti. Kuanzia 04 zidisha kwa 5, yaani 6204 ni milimita 20. Chini ya hapo kariri: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Herufi ZZ ni vifuniko vya bati, 2RS ni sili za mpira. Kwenye banda lenye unga wa mbao na vumbi la jiwe la grinda, chukua za mpira.

Kabla ya kununua mpya, ijaribu ya zamani hivi. Shika pete ya ndani, zungusha ya nje polepole karibu na sikio. Ikiteleza kimya ila ni kavu, inapona. Ukisikia kama mchanga katikati ya meno, au pete zikicheza, usiipotezee grisi. Yangu ilikuwa mchanga mtupu.

Inayopona, ingiza sindano kwenye ukingo wa ndani wa sili, uinyanyue taratibu. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nje, mbali na jiko. Iache ikauke yenyewe. Ukiipuliza kwa upepo wa kompresa ikazunguka bila mafuta, umeiua kwa mkono wako. Halafu grisi ya lithiamu, theluthi ya nafasi iliyopo. Theluthi, si kujaza! Grisi ikijaa, gololi zinaisukuma bila kupumzika, joto linapanda na beringi inakufa imeshiba. Na usichanganye grisi usizozijua; nyingine zikikutana zinayeyuka kama uji.

Nilinunua mbili Gerezani, Dar es Salaam, nikaja kuzipigilia kwa nyundo kwenye pete ya nje. Mpya, siku ileile, zikaunguruma. Nilirudi kulalamika, mzee wa dukani akazizungusha mara moja, akaniuliza, "Mwanangu, umegonga wapi?" Shafti inakaza pete ya ndani. Ukigonga ya nje, pigo lote linapita kwenye gololi na kutoboa vishimo kwenye njia yake. Akanipa kipande cha bomba kinachokaa juu ya pete ya ndani tu. Bomba bure, beringi nikalipa tena.

Feni za mezani ni habari nyingine. Nyingi zina bushi, yaani pete ya chuma isiyo na gololi, si beringi, na bushi inakunywa mafuta kupitia vitundu vyake. Matone mawili ya mafuta ya cherehani, basi. Grisi haiingii humo.

Sasa kila jioni dakika ya kwanza naziwasha mashine masikio wazi. Nikishuku kitu, nagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye gamba lisilozunguka, mpini nyuma ya sikio: beringi nzima inavuma kama feni ya mbali, mbovu inasaga. Juzi ikawa zamu ya drili. Nilipofungua nikakuta 608, namba ileile ya viatu vya magurudumu. Vya Zuhura vimeshambana, viko chini ya kitanda na beringi 16 ndani yake. Bado sijamwambia.