Re: Amar Akbar Anthony ni kali kweli au ni sifa za wazee tu?

Mkuu, umeuliza kama Amar Akbar Anthony, picha hili (filamu) la Kihindi la 1977, bado linafaa kutazamwa leo. Linafaa, ila ukianza kudai mantiki utazima mapema. Wana watatu wanachangia damu kwa pamoja, mirija inaungana kwenye chupa moja, moja kwa moja hadi kwa mama yao, na hakuna anayejua kuwa ni mama! Daktari yeyote angepiga kelele. Mwongozaji wake, Manmohan Desai, alijua anachofanya: ndugu waliopotezana, mmoja kalelewa Mhindu, mmoja Mwislamu, mmoja Mkristo, na mgonjwa wao ni mmoja. Ujumbe umefika hata kwa asiyejua neno la Kihindi.

Nguvu kubwa ya picha hili ni Amitabh Bachchan, anayeigiza Anthony, yule ndugu Mkristo. Itazame ile sehemu amepigwa, amelewa, anajihurumia mbele ya kioo, kisha anaitibu sura ya kwenye kioo na kuibandika plasta. Yake mwenyewe inabaki na majeraha. Vichekesho vya namna hiyo havichuji.

Udhaifu? Wanawake. Kumweka mwigizaji kama Shabana Azmi halafu kumnyima kazi ya maana ni israfu. Vinod Khanna naye, pamoja na kuigiza kaka mkubwa, anafunikwa na wenzake. Halafu ni refu, karibu saa tatu, na mama kurudishiwa macho kwa muujiza mimi bado hainiingii akilini, ingawa nyimbo za watunzi wawili Laxmikant–Pyarelal zinanifanya nisamehe mengi.

Tafuta nakala yenye manukuu, usikubali iliyokatwa nyimbo.