Hezekia nilimwanzia pabaya

Rasimu yangu ya kwanza ya riwaya ya Mfalme Hezekia ilifika kurasa 60, na katika zote mfalme alikuwa anahubiri. Nilimpa mke wangu asome. Alipofika ya tisa akaniuliza, "Kwani huyu baba hali chakula?"

Nikazitupia kabatini, nikaanza upya. Safari hii nilianzia shimoni.

Ukitaka kumwandika mfalme wa Biblia, tafuta kwanza mahali ambapo mikono ya watu wake imeacha alama. Kwa Hezekia ni ule mfereji wa Yerusalemu: mwamba uliotobolewa mita 533 hivi, ili maji ya chemchemi ya Gihoni yaingie mjini, Waashuri wasiyapate. Maandishi yaliyokutwa humo mwaka 1880, ambayo sasa yako Istanbul, yanasimulia makundi mawili yaliyochimba kutoka pande mbili, hadi zilipobaki dhiraa 3 tu wakasikia mtu akimwita mwenzake ng'ambo ya jiwe. Mfalme hatajwi kabisa. Basi sura yangu ya kwanza ikawa ya mchimbaji mwenye vumbi kooni, anasikia sauti na hajui kama ni binadamu au mwangwi.

Halafu usimfichie mfalme aibu yake. Senakeribu, mfalme wa Waashuri, alipoivamia Yuda mwaka 701 KK, Hezekia aliomba radhi, akatozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, akabandua hadi dhahabu ya milango ya hekalu. Habari hiyo iko wazi katika 2 Wafalme 18, nami nilikuwa nimeiruka (nilikuwa nawawazia wazee wa kanisa wakisoma). Senakeribu naye, katika maandishi yake, anadai alipokea talanta 800 za fedha, anajisifu kuteka miji 46 na kumfungia Hezekia kama ndege tunduni. Ila hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu. Hesabu zikigongana hivyo, usihangaike kuamua nani mkweli. Mwandike karani wa hekalu anayezipima usiku, mkono unamtetemeka.

Na chakula? Hezekia alipougua, Isaya aliagiza andazi la tini libandikwe kwenye jipu. Nikabakiza tini chache sahanini, mfalme akazila kitandani, moja moja, bila kusema neno. Mke wangu alipofika hapo alifunua ukurasa unaofuata.