Kisanduku cha maktaba hakijui kuwa utenzi na tendi ni kitu kimoja

Wanafunzi wa uzamili ninaowasaidia kutafuta machapisho huja na lalamiko moja: "Nimetafuta, hakuna kitu." Ukimwomba akuonyeshe alivyotafuta, unakuta ameandika utenzi, neno moja tu, kwenye kisanduku cha kutafutia cha ukurasa wa mbele wa tovuti ya maktaba, kisha akakata tamaa. Machapisho yapo. Yamekaa chini ya majina mengine.

Zamani katalogi ya maktaba ilikuonyesha vitabu vya rafuni, basi. Makala za majarida zilikuwa kwenye hifadhidata mbalimbali, na ulilazimika kuingia moja baada ya nyingine. Mifumo kama Summon, iliyoanza mwaka 2009, na EBSCO Discovery Service, iliyofuata mwaka 2010, ilibadilisha utaratibu huo. Taarifa za vitabu, makala na tasnifu kutoka kwa wachapishaji wengi hukusanywa mapema katika faharasa moja kubwa, nawe unatafuta humo kwa mkupuo mmoja. Ni msaada mkubwa na nawahimiza wote waanzie hapo.

Ila mifumo hii imelelewa kwa Kiingereza. Ukiandika teacher, kwa kawaida itakuletea na teachers. Ukiandika mwalimu, usitegemee kuona walimu, maana Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni. Hata ile alama ya nyota, inayouambia mfumo ukamilishe neno wenyewe, huwekwa mwishoni. Mifumo mingi huikataa ikitangulia.

Kwa hiyo andika sura zote za neno lako mwenyewe: utenzi OR tenzi OR utendi OR tendi. Hiyo OR iwe kwa herufi kubwa, la sivyo mifumo mingine huichukulia kama neno la kawaida. Dada mmoja anayeandika kuhusu malezi katika tenzi alipoongeza utendi na tendi, zikaanza kujitokeza kazi zinazohusu Lamu na Pate, kwa kuwa lahaja za kaskazini husema hivyo. Kazi hizo ndizo alizozihitaji kuliko zote, na hapo awali hakuziona kabisa.

Halafu fungua rekodi ya kitabu kimoja kizuri ulichokipata, uangalie vichwa vya mada. Maktaba nyingi za vyuo hufuata orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambako ushairi wetu umewekwa chini ya Swahili poetry. Bofya hapo. Utaletewa hata vitabu ambavyo neno utenzi halimo kwenye anwani zake.

Kuhusu vichujio, yaani vile vya kupunguza orodha ya matokeo, nina ombi moja: usikimbilie kile cha makala kamili mtandaoni. Ukikiwasha, kitabu kilichopo rafuni hatua chache kutoka ulipokaa hutoweka kwenye orodha.

Na usiishie kwenye kisanduku. Majarida mengi ya Afrika utayapata African Journals Online, na Swahili Forum inasomwa bure mtandaoni. Miswada ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama ile iliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SOAS kule London, ina orodha zake. Mtafute mkutubi anayeisimamia uzungumze naye.

Siku hizi baadhi ya mifumo hii ina msaidizi wa akili unde anayekuandikia jibu zima. Msaidizi wa Primo, kwa mfano, hujenga jibu lake kutokana na ikisiri za machapisho machache. Kama ikisiri ya Kiswahili haikuingizwa kwenye faharasa, hawezi kuisoma, na jibu lake litasomeka vizuri tu kana kwamba hakuna Mswahili aliyewahi kuandika juu ya mada hiyo. Mtumie kupata pa kuanzia, lakini usimnukuu kwenye sura ya mapitio ya maandiko.

Ukigundua kuwa tasnifu za chuo chako hazionekani kwenye kisanduku, mwandikie mkutubi wa mifumo. Hifadhi nyingi za kidijitali za vyuo hutoa taarifa zake kwa itifaki ya OAI-PMH, yaani utaratibu wa mifumo ya kompyuta kupashana taarifa za machapisho, na mfumo wa kutafutia unaweza kupangwa uzivune. Taja tasnifu uliyoikosa kwa jina la mwandishi na mwaka, ili awe na mahali pa kuanzia kukagua.